Mguu Niliousuka Bila Kuushika

Mguu wenyewe haukuvunjika. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia hudhani nitafika mahali niseme ulipasuka njiani, mzee akaanguka, ikawa ajali kama ajali nyingine. Ungepasuka ningeshukuru. Ulibaki mzima mpaka siku ya mwisho, mgumu, unang'aa, nyuzi zake zimepishana vile vile nilivyotaka zipishane. Kilichoharibika ni kilichokuwa ndani yake, nacho kilikuwa mwili wa baba wa mume wangu.

Mimi ni fundi wa miguu ya bandia. Karakana yetu iko Majengo, hapa Moshi mjini, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na tuko wawili tu: mimi na mwenzangu wa kiume, mtu wa Rau, mpole, mwenye subira ambayo zamani nilikuwa naiita uvivu. Kwa asiyeijua kazi hii, mtu akikatwa mguu chini ya goti, kipande kinachobaki tunakiita kigutu. Tunakizungushia bandeji yenye plasta mbichi, ikishika tunaivua, kisha tunaijaza plasta nyingine mpaka tupate sanamu ya kigutu kile. Juu ya sanamu tunavalisha soksi, tunamimina resini, ambayo ni gundi inayogeuka ngumu, na tunafyonza hewa kwa pampu ili gundi ipenye kila uzi. Ikikauka tunaivunja plasta ya ndani, na hapo tuna kikombe ambamo kigutu kitaingia. Resini peke yake huvunjika kama sahani. Nyuzi peke yake hulegea. Vikishikamana vinabeba mtu mzima na mkungu wa ndizi begani.

Kwa hiyo nguvu iko kwenye soksi, na soksi ndizo zilizotutesa. Zile nzuri zilitoka ng'ambo na kuchelewa miezi. Zisipokuja, tulikata kitambaa cha nyuzi za kioo kwa mkasi, tukakishona, tukakivalisha sanamu hivyo hivyo. Kitambaa hakipendi mviringo. Kikifika gotini kinakunjamana, na kila kunyanzi ni mahali ambapo mguu utaanzia kupasuka. Tulitumia nusu siku kulainisha makunyanzi kwa vidole huku tukijikuna, maana nyuzi za kioo huwasha kuliko upupu.

Siku moja nilikwenda mtaa wa pili kununua kamba za viatu vya mwanangu kwa mzee mmoja aliyekuwa akizisuka mwenyewe kwa mashine. Mashine ilikuwa ya zamani kuliko mimi. Aliinunua kama chuma chakavu kutoka kiwanda kilichokufa. Bobini kumi na sita za uzi zilizunguka juu ya sahani ya chuma, nane zikienda kulia na nane kushoto, hii ikipita nje ya ile kisha ndani ya inayofuata, kama washarika wanavyopishana wakienda kutoa sadaka na kurudi vitini bila kugongana. Katikati kamba ilikuwa inapanda, tupu ndani. Nikaingiza kidole kwenye uwazi ule. Nikaisukuma kamba, ikapanuka. Nikaivuta, ikajikaza kidoleni kuanzia ncha hadi shina bila kunyanzi hata moja. Nilirudi nyumbani bila kamba za viatu.

Miaka miwili ilipita kwenye wazo hilo la kusuka soksi za nyuzi za kioo kwa mashine ile. Uzi wa kioo haukuwa mpole kama pamba. Ulikatika kila ulipokwaruza chuma, ukamkata yule mzee vidole, akaniambia kwa adabu zote kwamba yeye ni mtu wa kamba za viatu na angependa kufa akiwa na mikono yote miwili. Baadaye akaja mwenyewe karakana na vipande vya kaure alivyokata kutoka plagi mbovu za pikipiki, laini kama meno, akavifunga pale uzi unapopita. Uzi ukaacha kukatika. Akaongeza bobini mpaka thelathini na mbili, kisha arobaini na nane, akichonga magurudumu ya meno moja baada ya jingine. Mimi nilijifunza mambo ambayo hakuna aliyenifundisha darasani: kwamba ukivuta soksi upesi inapotoka mashineni, nyuzi husimama na mguu huwa mgumu kwa urefu lakini mwepesi kupasuka ukipindwa, ukivuta polepole nyuzi hulala, mguu ukastahimili kupindwa. Nilijifunza kuchanganya, pembeni hivi na nyuma vile. Waongoza watalii walianza kuniuliza kama naweza kuwasukia fimbo za kupandia mlima. Nilijiona nimefika.

Sifa zilinipanda kichwani kabla hata ya kusifiwa. Nasema hivi ili ieleweke nilikuwa mtu wa aina gani barua ilipofika. Watu wanaosaidia karakana kama yetu walitaka kuja kuiona mashine ikisuka, na zaidi ya hapo, walitaka kumwona mtu akitembea kwa mguu uliotokana nayo. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumesuka miguu ya majaribio tu, tukiibebesha mifuko ya saruji. Walisema watafika baada ya siku kumi. Mwenzangu alikuwa Dar kwenye mafunzo na angerudi baada ya wiki mbili. Ningeweza kuandika barua ya mistari miwili, kwamba tafadhali njooni wiki moja baadaye. Sikuiandika. Kama nitasema ukweli wote, sikuiandika kwa sababu pia nilipenda siku hiyo nisimame peke yangu.

Nilihitaji mtu wa kutembea. Walikuwepo kwenye orodha yetu, lakini wagonjwa wetu wana midomo. Mguu ukiwabana wanasema, wakati mwingine na matusi. Nikamkumbuka baba mkwe.

Yeye alikatwa mguu mwaka uliotangulia, chini kidogo ya goti, kwa sababu ya kisukari. Alikuwa mzee wa kanisa kule Machame, mtu wa migomba, kahawa na ng'ombe wawili wa ndani, na tangu akatwe alikuwa akikaa barazani na magongo yake akiwaelekeza watu wengine namna ya kukata majani ya ng'ombe, nao hawakati anavyotaka. Alitaka vitu viwili, na alivitaja mara moja tu: kushuka mwenyewe shambani mpaka kwenye mfereji, na kutembea mwenyewe kwenda kutoa sadaka badala ya kuletewa kikapu pale alipokaa. Nilijiambia nampa zawadi. Na nilimpa, sikatai. Ila nilimchagua kwa sababu nilijua hatalalamika, na sababu hiyo ndiyo iliyokuja kwanza.

Kuna jambo lazima nilieleze kwa walio mbali. Nimeshika magoti ya wanaume wengi kiasi kwamba mwenzangu hunitania kuwa ningefaa kuwa fundi suruali. Mgeni akija, namshika, nambonyeza, namuuliza panauma, hana haya nami sina. Lakini baba mkwe si mgeni. Katika nyumba niliyoolewa, mkamwana hakalii kiti cha baba mkwe, hapiti mbele yake kati yake na moto, humpa chakula kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, na hamgusi mwili. Hakuna aliyewahi kunitamkia sheria hizi. Nilizikuta kama unavyokuta mlango ulipo, ukapita hapo. Hata mkono hatukuwahi kupeana. Nilisema shikamoo nikiwa hatua mbili mbali, naye akaitikia akitazama migomba.

Ndiyo maana kipimo cha mguu ule kilichukuliwa na mume wangu, mwalimu wa jiografia. Mzee aliketi kitandani chumbani kwake, mume wangu akiwa na ndoo ya maji ya uvuguvugu na bandeji za plasta, na mimi nje, nimesimama kwenye ukuta kati ya mikahawa, dirisha la mbao likiwa limeegeshwa. Nilikuwa natoa maelekezo kwa sauti. Mvishe soksi nyembamba kwanza. Tafuta ukano chini ya kofia ya goti. Pembeni, upande wa nje, utakuta mfupa mdogo wa mviringo, huo ni wa kuuogopa, uwekee alama ya kalamu, wino utahamia kwenye plasta, ili tuuachie nafasi. Mume wangu aliuliza mviringo wa namna gani. Nikamwambia kama gololi. Akasema ameuona. Nikamwambia sasa azungushe bandeji, akandamize kwa vidole gumba viwili chini ya kofia ya goti, ashikilie mpaka iwe ya moto, maana plasta ikishika hupata joto. Mama mkwe alipita na ndoo ya maziwa, akanikuta nazungumza na ukuta, akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Nami nilicheka. Tulichekea pale nje kama vile tunacheza.

Majengo, kesho yake, niliifungua ile plasta na kuitazama kwa ndani. Alama ya kalamu ilikuwepo. Ilikuwa mbele, kwenye ncha ya mfupa wa muundi, pale ulipokatwa. Pembeni, kwenye gololi, hapakuwa na kitu. Na alama za vidole gumba hazikuwa chini ya kofia ya goti. Zilikuwa chini zaidi, karibu na ile ncha. Mume wangu alikuwa amekandamiza mfupa mtupu na kuuacha ule wa kuogopa bila kuutambua. Si kosa lake. Mtu wa jiografia ukimwambia gololi kupitia dirishani, atatafuta gololi ya kwanza anayokutana nayo.

Nilijua. Naomba neno hili lisipitwe upesi, kwa sababu kila nilichofanya baadaye nilikifanya nikijua. Nilikaa kwenye stuli na kipande kile cha plasta mapajani. Dawa yake ilikuwa rahisi: kumleta mzee mjini, kumkalisha kwenye kiti cha karakana, kumwambia Baba, nisamehe, lazima nikushike. Niliisema sentensi hiyo kimoyomoyo mara nyingi, na kila nilipofika kwenye neno la mwisho uso uliniwaka moto. Nikachukua tupa. Nikaipunguza sanamu kwa makisio pale nilipodhani panahitaji kupunguzwa, nikajaza pale nilipodhani panahitaji kujazwa, nikichonga mguu wa mzee wangu kwa kumbukumbu ya miguu ya watu wengine.

Halafu nikavalisha soksi yangu ya kusuka. Ingekuwa kitambaa cha zamani, kingenishitaki. Kwenye shimo lililoachwa na vidole gumba mahali pasipo pake kingekunjamana, ningelazimika kusimama, kutazama, labda kuona haya mbele ya kunyanzi. Soksi ya kusuka haikunishitaki. Ilishuka juu ya sanamu, ikapanuka penye unene, ikajikaza penye wembamba, ikaingia kwenye shimo la kosa langu na kulala humo laini, nyuzi zikijipanga kana kwamba mfupa wa mtu ndivyo ulivyo. Sijawahi kutengeneza kikombe kizuri kuliko kile. Nilimwita mzee wa kamba za viatu aje aone, naye akakipangusa kwa kiganja, akamshukuru Mungu.

Kujaribisha nako kulikuwa kwa dirishani, isipokuwa mara hii mzee alitoka barazani akiwa amevaa suruali, nikamtazama anavyosimama kutoka mbali na kumwelekeza mume wangu akaze skrubu gani. Baada ya robo saa nilimtaka mume wangu amvue, atazame ngozi. Akasema kutoka chumbani kwamba pana alama kidogo mbele. Nikajibu kwamba mguu mpya huwa hivyo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda: methali hii niliisoma shule ya msingi, nikaipata kwenye mtihani, na sikuielewa hata kidogo.

Wageni walipokuja, mzee alivaa koti la kanisani. Alitembea uani kwetu Majengo kutoka mlango wa karakana mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, fimbo mkononi, hatua kwa hatua, na jasho lilimtoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Mashine ilikuwa ikisuka nyuma yake. Mmoja wa wageni, mama mwenye Kiswahili kizuri, alimsogelea akamwamkia, akamuuliza kama mguu unamuumiza mahali popote. Mzee alinitazama mimi, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Huu mguu," akasema, "umetengenezwa na mke wa mwanangu."

Watu wakapiga makofi. Nilisikia sifa. Imenichukua muda mrefu kuona kwamba aliulizwa swali moja na akajibu jingine, kama mtu mwenye adabu anavyofanya pale ukweli unapoweza kumvunjia mwenzake heshima.

Tulipewa tulichokitaka. Picha zilipigwa, mashine ikapata mota mpya, na habari zikapanda mlima kabla yangu. Jumapili iliyofuata mzee alisimama kanisani, akaenda mbele kwa miguu yake, akatoa sadaka yake, na mama mkwe alinipigia simu akilia kwa furaha. Wanawake wa Machame walianza kunisalimia kwa namna nyingine. Nilikuwa nikipanda kwa wazazi, napata mtori wangu wa ndizi wa moto, nasikia mzee alishuka mpaka mferejini, mzee amekata majani, mzee amemkemea aliyefungulia maji siku isiyo yake. Kisha taratibu nikaanza kusikia mengine. Njia inateleza kwa sababu ya mvua, ndiyo maana amekaa. Ana mafua. Amechoka. Nikiwepo aliuvaa, akakaa nao, mikono juu ya goti. Nikiuliza, "Mguu unaendaje, Baba?" alisema unaenda vizuri, aika, asante, mwanangu, na kuuliza habari za watoto.

Krismasi tulipanda wote, kama kila nyumba ya mlimani inavyojaa siku hizo. Mbuzi alichinjwa, na mara ya kwanza tangu niolewe mzee hakusimama kugawa nyama. Alikaa na blanketi miguuni akigawa kwa mdomo. Nilikuwa nimekwenda nyuma ya banda la ng'ombe kumwaga maji machafu, nikaiona soksi ya kigutu, ile ya pamba inayovaliwa ndani ya kikombe, imeanikwa kwenye mti wa uzio. Hakuna anayeanika nguo pale. Ilikuwa imefuliwa na kukamuliwa vibaya, na karibu na ncha yake kulikuwa na doa la kahawia lililokataa kutoka.

Mtu wa huku akiona doa la kahawia anajua ni nini. Utomvu wa mgomba. Hakuna shati la shamba lisilo nalo, hakuna kanga, hata taulo za harusi hupata, na ukishaingia umeingia, hautoki kwa sabuni yoyote. Nikasema moyoni, utomvu huo, mzee ameanza tena kushuka kwenye migomba. Nilisimama na sufuria tupu nikiliambia doa lile kwamba ni utomvu. Lilikuwa la mviringo, mahali pamoja, pale pale ilipokuwa alama ya kalamu. Na mzee mwenyewe nilikuwa nimetoka kumwona na blanketi. Nikarudi jikoni, nikaulizwa mbona nimekawia, nikasema nilikuwa natazama ndama.

Mficha uchi hazai, wanasema. Tulikuwa wawili tunaoficha, nami nilikuwa na faida ya kujua kazi.

Mwezi wa pili, kabla ya mvua, mume wangu alinipigia akiwa njiani na baba yake. Mzee alikuwa na homa, anatetemeka, anaita ndugu zake waliokufa. Hospitalini walifungua kigutu, na nesi aliyekuwa karibu alirudi nyuma hatua moja. Kwa mtu wa kisukari kidonda hakisemi kwa sauti, kinachimba tu, na kile kilikuwa kimechimba mpaka mfupani, kwenye ncha ya muundi, kwa ukubwa wa kidole gumba. Daktari alisema maambukizi yamepanda na goti haliwezi kuokolewa. Wangekata juu yake, pajani.

Daktari huyo hakunijua. Baada ya upasuaji alinikuta ukumbini, akaniona kama mkamwana wa mgonjwa tu, akanikabidhi ule mguu wa bandia ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa ameutazama kwa makini, akakigeuza kikombe kwenye mwanga wa dirisha.

"Aliyetengeneza hiki anajua kusuka," akasema. "Kupima hajui."

Nilisema ndiyo, daktari. Maneno mawili hayo. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na nafasi, ukumbi ulikuwa kimya, na nilisema ndiyo, daktari, kama mtu anayekubaliana naye kuhusu fundi mwingine. Nikaupokea mfuko kwa mikono miwili. Njiani kurudi Majengo watu walinisalimia na kuniuliza nimebeba nini, nikawajibu kazi. Nimejuta mambo mengi katika habari hii, lakini ikitokea nikastuka peke yangu karakana na kushika uso, mara nyingi ni kwa ajili ya hayo maneno mawili.

Mashine bado inasuka. Nilitaka kuisimamisha; mwenzangu aliposikia yote alinikatalia, akasema mashine haikumkosea mtu. Ni kweli, na ukweli huo haunisaidii. Siku hizi sivalishi soksi juu ya sanamu ya mguu ambao mmoja wetu hajaushika kwa mikono yake. Akija mtu ambaye siwezi kumshika, namkabidhi kwa mwenzangu au namrudisha, hata awe mgeni gani anasubiri. Mwenzangu anaandika alama zake kwa kalamu, polepole, kwa subira ile ile niliyoiita uvivu, nami nakaa pembeni na kumsubiri.

Siku ya nne baada ya upasuaji mume wangu alikwenda kutafuta dawa, nikabaki na mzee peke yetu wodini, mchana. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilichosogezwa mbali na kitanda, kama ilivyo desturi. Shuka lilikuwa limelala tambarare mahali ambapo goti lilikuwepo wiki iliyopita. Niliona kwamba nisiposema sasa sitasema kamwe, nikasema nikiwa natazama sakafu. Nilimwambia kipimo kilikosewa. Nilimwambia nilikiona kimekosewa siku ya pili yake, kabla sijasuka hata uzi mmoja, na kwamba nilipaswa kumshika mwenyewe na sikumshika. Nikamwambia na ile soksi niliiona. Sikuomba msamaha kwa maneno mazuri, maneno mazuri hayakuja.

Alilinyoosha shuka kwa kiganja.

"Ile soksi nilikuwa naifua mwenyewe," akasema. "Mferejini, kabla watu hawajaamka. Mama yako angeiona damu angekuambia, nawe ungejisikia vibaya, na kazi yako ilikuwa inasifiwa."

Mzee wa kanisa wa umri wake, aliyeletewa maji ya kunawa maisha yake yote, ameinama mferejini na magongo, anafua. Nilijaribu kutoiona picha hiyo na nikashindwa. Akauliza kama atapata mguu mwingine. Nikamwambia ndiyo, kidonda kikipona, ila wa paja ni mgumu zaidi kuuzoea, na kupima kwake ni kushika mpaka juu kabisa, kwa hiyo hautakuwa kazi yangu. Mwenzangu ndiye atakayempima.

"Ni mwanaume?"

"Ndiyo, Baba."

"Hana undugu na sisi?"

"Hana. Ni mtu wa Rau."

Akageuza uso kwenye mto, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Vizuri," akasema. "Huyo nitaweza kumwambia panapouma."